U Simba: Wimbo wa Mbube na Masikio ya Wasikilizaji Wake

Sisi tuliokulia penye mashairi tumezoea kuulizana juu ya wimbo mambo mawili kabla ya yote: nani kautunga, na kamtungia nani. Sauti nzuri hutufurahisha na mahadhi hututikisa vichwa, lakini hata yule bibi anayenyanyuka kitini kwenda kumtuza mwimbaji wa taarabu, fedha kazishika juu na mwendo wake wa taratibu, huwa ameyasikia maneno kwanza. Anatuza fumbo. Anajua limempata nani, na aghalabu ataka huyo liliyempata amwone akituza. Kwa hivyo ni vigumu kwetu kumfahamu msikilizaji anayeupenda wimbo umri mzima bila ya kujua neno lake moja lina maana gani, wala limetoka kinywani mwa nani. Na msikilizaji huyo yupo. Si mmoja, ni mamilioni, na wimbo anaoupenda ni wa Kiafrika, umetungwa kwa lugha iliyo ndugu na hii yetu. Nimekusudia kuufuata wimbo huo, ambao ni Mbube wa Solomon Linda, hasa pale ulipoimbwa upya na kundi la waimbaji wa nyimbo za kienyeji la Marekani liitwalo The Weavers, nitazame waliousikia waliupokeaje na upokezi huo ulimgharimu nini mtunzi.

Solomon Linda alizaliwa mwaka 1909 upande wa Msinga, Natal, katika nchi ya Wazulu, na utoto wake ulipita machungani pamoja na ng'ombe. Kama vijana wengi wa zama zake, aliondoka kwao akaenda Johannesburg kutafuta kazi. Huko alikuta wahamiaji wenzake wamejenga sanaa yao ya kuimba bila ya ala, sauti nene za chini zikiwa nyingi, na juu yake sauti moja nyembamba ikipaa. Kundi lake liliitwa Original Evening Birds. Walivaa suti za mistari na kofia za Kizungu, wakashindana na makundi mengine katika kumbi za wafanyakazi usiku wa Jumamosi mpaka alfajiri. Riziki yake Linda aliipata kwa kazi ya kupakia sahani za santuri katika kampuni ya Gallo, na kampuni hiyo hiyo ndiyo iliyomrekodi mwaka 1939, chini ya usimamizi wa Griffith Motsieloa. Wimbo uliimbwa mara tatu mbele ya chombo. Katika mara ya tatu, karibu na mwisho, Linda alitoa kwa ghafla mfuatano mfupi wa sauti za juu ambao hakuwa ameupanga. Sauti hizo chache ndizo zitakazokuja kuimbwa duniani kote kwa maneno ya Kiingereza. Haki ya wimbo aliiuza kwa shilingi kumi.

Wasikilizaji wa kwanza, basi, walikuwa Wazulu wa mjini na wa mashambani, na jinsi walivyoitikia inafahamika vyema. Waliinunua sahani hiyo, hata kufikia mwisho wa miaka ya 1940 ikakadiriwa kuwa zimeuzwa nakala 100,000. Lakini zaidi ya kununua, waliimba. Makundi yaliyomsikia Linda yalijibu kwa kutunga yao kwa mtindo wake, mpaka mtindo mzima wa uimbaji ukaitwa mbube kwa jina la wimbo wake. Sidhani kuna tuzo kubwa zaidi kwa mtunzi. Ni sawa na bahari ya ushairi kupewa jina la malenga, kisha washairi wengine wakawa wanaogelea humo wakijua ni ya nani.

Sasa natuangalie neno lenyewe. Mbube kwa Kizulu ni simba. Katika kiitikio, zile sauti nene za chini hulirudia neno moja tu, nalo lina kiambishi cha nafsi ya pili mbele, kiungo cha kuunganishia katikati, na jina la simba mwisho. Mswahili hahitaji mwalimu hapa. Kiambishi chenyewe ni u, kama u yetu, na kazi yake ni ile ile tunayoikuta katika mashairi yetu ya kale na katika salamu zetu za kila siku, tunaposema u mzima, u hali gani, u mwema. Neno zima maana yake ni: u simba. Ni neno la kusifia. Sisi tuliosomewa tenzi za vita utotoni, tukamsikia Sayyidna Hamza akiitwa Simba wa Mungu na Sayyidna Ali akiitwa Haidar, ambalo nalo ni jina la simba, tunajua uzito wa kumwambia mtu hivyo. Wanaume watano wanamwambia mmoja, tena na tena, kwa sauti zinazotoka kifuani, kwamba yeye ni simba. Naye anawajibu kwa sauti ya juu isiyo na maneno. Huo ndio wimbo, na mimi sioni umepungukiwa na nini.

Mnamo mwaka 1949 sahani hiyo ilifika New York. Alan Lomax, mkusanyaji mashuhuri wa nyimbo za kienyeji, alimpa rafiki yake Pete Seeger mafungu ya sahani za Kiafrika ambazo kampuni ya Decca haikuona kuwa zina faida. Seeger alisimulia mara nyingi baadaye jinsi alivyokaa na sahani ile akiirudia, akijaribu kuyaandika anayoyasikia. Kizulu hakukijua. Ile b ya katikati ya neno mbube si b ngumu ya Kiingereza. Ni laini, huvutwa ndani kidogo, kama b yetu katika baba. Sikio la Seeger liliipokea kama w. Mwanzo wa neno ukaliwa, mwisho ukabadilika, na alichokiandika kikawa ni Wimoweh. U simba ikageuka kuwa mlio.

Simlaumu kwa hilo. Kila mtu huisikia lugha ngeni kwa sikio la lugha ya mamaye, na sisi tunazo nyimbo za filamu za Kihindi ambazo watu wetu waliziimba kwa maneno ambayo Mhindi asingeyatambua. Ninachotaka msomaji akizingatie ni kilichofuata baada ya kosa hilo dogo la sikio.

The Weavers walikuwa wanne: Seeger, Lee Hays, Ronnie Gilbert na Fred Hellerman. Mwaka 1950 walikwishapata umaarufu usiotarajiwa, maana wimbo wao Goodnight Irene, walioupokea kwa Lead Belly, ulikaa juu ya orodha za mauzo kwa wiki nyingi. Wimoweh waliurekodi mwishoni mwa 1951, nao ukatoka mapema mwaka 1952, ukisindikizwa na tarumbeta za Gordon Jenkins zinazovuma kama za bendi ya sherehe. Uliingia katika ishirini za mwanzo za orodha ya Marekani. Aliyeusikia redioni hakusikia wanaume sita wa Johannesburg. Alisikia sauti ya Seeger ikipanda juu na tarumbeta nyuma yake, na chini kabisa silabi tatu ambazo mtoto anaweza kuzishika kwa mara moja. Wengi wakazishika.

Hata hivyo si wote waliofurahi. Ndani ya duara lile lile la wapenzi wa nyimbo za kienyeji, katika jarida la Sing Out! lililoanza 1950, palikuwapo lawama kwamba kundi la Wazungu watupu linaziimba nyimbo za watu weusi, na kwamba matarumbeta ya biashara yamezifunika. Nimeifikiria sana lawama hiyo, na naona iligusa ngozi ya jambo. Waliuliza: je, Mzungu anaweza kuuimba wimbo huu kama inavyopasa? Mtu wa pwani angeuliza: mwenyewe ni nani, na yuko wapi? Swali hilo la pili lilikuwa na jibu jepesi, kwa kuwa jina la Solomon Linda lilikuwa limechapwa katikati ya sahani ile aliyopewa Seeger.

Badala yake, katika sahani ya The Weavers mtunzi alitajwa kuwa ni Paul Campbell. Huyo Campbell hakuzaliwa wala hakufa. Lilikuwa ni jina la kupanga ambalo The Weavers na mchapishaji wao walilitumia kwa nyimbo za zamani walizozitengeneza upya, ili mapato yapate pa kwenda. Seeger alisema baadaye kwamba alidhani wimbo ni wa mapokeo, na kwamba alipojua una mtunzi aliagiza apelekewe, akatuma na dola 1,000. Naamini alisema kweli, kwani maisha yake hayakuwa ya mtu mlafi. Lakini mapokeo ni neno la hatari. Wimbo wa Mwafrika, ukiwa umeimbwa kwa lugha isiyoeleweka, ulionekana moja kwa moja kuwa umeota wenyewe kama magugu. Hapo ndipo kosa la sikio na kosa la daftari linapokutana. Msikilizaji aliyesikia u simba angejua kwamba mtu anamwambia mtu jambo, na penye maneno pana msemaji. Aliyesikia mlio mtupu hakuwa na sababu ya kumtafuta msemaji.

Furaha ya 1952 ilikatika upesi, na sababu haikuwa ya muziki. Mwezi wa Februari mwaka huo Harvey Matusow aliiambia kamati ya Bunge la Marekani iliyokuwa ikiwasaka wakomunisti kwamba watatu katika The Weavers ni wanachama wa Chama cha Kikomunisti. Redio zikawafungia mlango, kumbi zikafuta mikataba, na kundi likasambaratika. Miaka mitatu baadaye Matusow mwenyewe alikiri kuwa alitoa ushahidi wa uongo. Walipokutana tena jukwaani, katika ukumbi wa Carnegie, New York, usiku wa Desemba 24, 1955, ukumbi ulijaa, na Wimoweh ulikuwa miongoni mwa nyimbo zilizotoka katika sahani ya onyesho hilo. Makofi yale, ukiyasikiliza, ni makofi ya watu wanaowarejeshea ndugu zao heshima iliyoporwa. Wimbo uliotungwa na mtu mweusi asiye na haki katika nchi yake uligeuka kuwa alama ya haki za wengine, na waliopiga makofi hawakuwa na habari naye. Wala sisemi kwamba makofi yale yalikuwa ya uongo; yalikuwa ya kweli kabisa, na hilo ndilo linaloniumiza.

Kutoka hapo wimbo ulikwenda mbio. Kingston Trio waliuimba katika sahani yao ya mwaka 1959. Mwaka 1960 Miriam Makeba, aliyekuwa amehamia Marekani, aliuingiza katika sahani yake ya kwanza huko kwa jina lake la haki, Mbube, akiitikiwa na kundi jingine la nyimbo za kienyeji, Chad Mitchell Trio. Hapa pana jambo ambalo wanaosimulia historia hii hulipita haraka. Tangu mwaka huo msikilizaji wa Marekani alikuwa na nafasi ya kulisikia neno lilivyo, kutoka kwa mwimbaji wa Afrika Kusini, tena mwenye sifa kubwa. Hakuweza kusema tena kwamba hakuletewa. Aliletewa, akalipenda, kisha akaendelea na Wimoweh, kwa kuwa kosa alilolizoea lilikuwa tamu zaidi kwake kuliko usahihi alioletewa.

Na mwaka uliofuata kosa lilipata mwana. Vijana wa The Tokens waliuimba mbele ya watayarishaji wa kampuni ya RCA, nao wakaona unahitaji maneno. George David Weiss akaandika beti chache za Kiingereza juu ya mwitu na kijiji na simba aliyelala, akazipachika juu ya zile sauti ambazo Linda alizitoa kwa ghafla mwaka 1939. The Lion Sleeps Tonight ulifika kileleni mwa orodha ya Marekani Desemba 1961. Kwa nini simba alale? Wasikilizaji wa Marekani walikwisha kusimuliwa kwamba simba huyo ni Mfalme Shaka, hakufa, amelala tu. Labda usingizi ulianzia huko. Sifa ikawa bembea ya kumlaza mtoto. Yule aliyekuwa akiambiwa u simba akaambiwa simba kalala, usiogope. Ni wimbo mzuri, sikatai, na mtu akiusikia asubuhi hautamtoka kichwani mpaka jioni.

Linda alifariki Oktoba 1962 kwa maradhi ya figo. Aliacha mke na watoto katika umaskini wa Soweto, na kaburi lake lilikaa miaka mingi bila ya jiwe. Mwaka 2000 mwandishi Rian Malan wa Afrika Kusini aliyaeleza yote hayo kwa urefu katika jarida la Rolling Stone, akakadiria kwamba matumizi ya wimbo katika filamu ya The Lion King ya mwaka 1994 na mchezo wake wa jukwaani peke yake yamestahili dola milioni 15. Wakili Owen Dean aligundua njia isiyotazamiwa: sheria ya hakimiliki ya Dola ya Kiingereza ya mwaka 1911, ambayo ilisema kwamba miaka 25 baada ya mtunzi kufa, haki hurudi kwa warithi hata kama aliiuza. Kesi dhidi ya Disney ilifunguliwa Afrika Kusini mwaka 2004, na Februari 2006 yakafikiwa mapatano ambayo kwayo Linda alitambuliwa kuwa mtunzi mwenza na mabinti zake wakapata malipo. Sheria ya mkoloni ikamwokoa aliyedhulumiwa chini ya ukoloni. Mwenye kupenda kejeli za historia na aandike yake hapo.

Lakini tusiinyooshee Marekani kidole kana kwamba kwetu ni kweupe. Miriam Makeba yule yule aliyelirudisha neno la Kizulu mahali pake, mwaka 1965, katika sahani aliyoimba na Harry Belafonte, aliuimba Malaika wetu, na Kiswahili hakikuwa lugha yake. Maneno yanachepuka hapa na pale. Mtu wa Unguja au Mombasa huyasikia mara moja. Nani kati yetu alimkasirikia? Tulitabasamu, tukaongeza sauti ya redio. Tulijisikia tumetembelewa. Na lilipokuja swali la mtunzi, tuligawanyika: wengi wanamtaja Fadhili William, aliyeurekodi Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960, wengine wanamtaja Adam Salim na kusema aliutunga miaka ya 1940, na yapo madai mengine. Wimbo unaojulikana kuliko nyimbo zote za Kiswahili duniani, na wenyewe wasikilizaji wake hatukuafikiana baba yake ni nani. Maneno tuliyaelewa yote, hata lile la kukosa mahari. Kwa hivyo kuelewa maneno peke yake hakutoshi kumlinda mtunzi, na hoja niliyoijenga huko juu yanipasa niipunguze kidogo.

Nasema kidogo, kwa sababu wazee wetu waliliona jambo hili na wakaliwekea kufuli ndani ya maneno yenyewe. Mtunzi wa utenzi, akikaribia tamati, hutaja jina lake, nasaba yake, mji wake, na mara nyingi mwaka. Mwana Kupona aliacha ndani ya utendi wake mwaka 1275 wa Hijria, ambao ni 1858 wa Miladi. Mwenye kuughani hawezi kuumaliza bila ya kuyatamka hayo. Huwezi kuyaacha ukasema umesahau, maana vina vitakusuta. Ndiyo kusema, jina la mtunzi halikuandikwa juu ya karatasi ya sahani, ambako mchapishaji anaweza kulibandua. Limefumwa katika kitambaa. Bi Kidude naye, alipoziimba nyimbo za Siti binti Saad miongo mingi baada ya Siti kwenda kurekodi Bombay mwaka 1928, aliusikiwa ukumbini na watu waliojua ni za Siti, na sehemu ya raha yao ilikuwa ni kujua huko. Wimbo ulisikika kwa sauti mbili, ya aliyekuwapo na ya asiyekuwapo.

Mbube haukuwa na ubeti wa tamati wenye jina. Ulikuwa na neno moja, na neno hilo likaliwa njiani.

Nina mjukuu wa miaka saba anayeuimba Wimoweh, kaupata katika ile The Lion King iliyotengenezwa upya mwaka 2019. Siku moja nilimkalisha barazani nikamwambia neno lenyewe lilivyo, na kwamba ni maneno ya watu wanaomwambia mwenzao u simba. Akafurahi sana. Akaniambia, "Babu, basi niambie mimi." Nikamwambia. Akataka nirudie kwa sauti nene, nikarudia, yeye akaitikia huko juu kwa sauti yake nyembamba, na jirani akachungulia dirishani kutaka kujua kuna nini. Mamaye alipomwita ndani kuoga aliondoka akirukaruka, na nilimsikia ukumbini, kisha uani, akiimba Wimoweh.